Tunaomba Santineli Asifungwe Kamba

Mgeni rasmi, Mama Constance, daktari wa mifugo wa territoire yetu ya Fizi. Wakubwa wa avenue. Nanyi polisi mliomsindikiza: sisi wamama wa Kikundi Tushikane, wafugaji wa kuku hapa avenue Mawese, Baraka, tunawasalimu.

KARIBU KWETU

Barabara ya kutoka Fizi-Centre tunaijua, hasa baada ya mvua. Umefika na matope mpaka magotini, wala hukugeuka njiani. Asante. Kaa, kunywa maji, utusikilize.

TULIKOTOKA

Kati yetu kuna wenyeji, na kuna wamama waliokimbia kutoka Burundi. Tulianza na mitetea michache nyuma ya majiko yetu. Mchana kipanga alichukua vifaranga, usiku paka wa pori alichukua mama zao. Tulijenga banda la matete, akalitoboa. Tulizungushia miiba, akaizoea. Ndipo tulipopanda milimani kwa mwindaji Darius kumwomba mtoto wa mbwa. Tulimlea pamoja na vifaranga, akakua akijua kuku ni ndugu zake. Tukamwita Santineli, yaani mlinzi.

Hapo tulikosea jambo moja. Huku kwetu mbwa wa mwindaji huvaa kengele ya mti shingoni, nasi tukamvika yake, tena kwa majivuno. Kuku wakaendelea kupungua. Mama Capitoline alikasirika mpaka akamnyima mbwa chakula, akisema tunafuga mlaji. Mwisho Mama Alida akatuambia, "Ile kengele njo inaambia paka pa kupita. Muitoe."

Kweli, kengele ikilia upande huu, paka alipita upande ule. Porini inamsaidia mwindaji. Nyumbani ilimsaidia mwizi. Tuliitoa, tukajicheka, na Mama Capitoline mwenyewe akampikia Santineli ugali na vichwa vya samaki.

TULICHOPATA

Tangu hapo kuku wanalala na wanaamka. Watoto wetu wanakula mayai, hatuyapeleki yote sokoni. Mama Solange ameuza majogoo, na binti yake amerudi école kusoma. Kipanga akishuka, Santineli anabweka, vifaranga wanakimbilia chini ya tumbo lake. Hilo hatukumfundisha sisi.

KINACHOTUSUMBUA

Mwezi uliopita mbwa asiyejulikana alimuuma mtoto sokoni. Amri ikatoka kwamba kila mbwa asiyefungwa apigwe risasi. Mama daktari, amri hiyo hatuipingi. Sisi ni wazazi, na kichaa cha mbwa hakina mchezo. Lakini mbwa aliyefungwa halindi kitu. Na huku kwetu kengele ndiyo inayoonyesha kwamba mbwa ana mwenyewe. Wetu hana kengele, na mtu asiyetujua atamwona mbwa wa ovyo tu. Tukimfungua atauawa, tukimfunga kuku watakwisha. Tunamwogopea Santineli, hatukufichi.

MAOMBI YETU

Tunaomba umchanje leo, kabla hujapanda gari. Tunaomba umvike mkanda mwekundu unaoonekana kwa mbali, kisha useme na wakubwa wa hapa, maana neno lako watalisikia, ili aruhusiwe kutembea huru ndani ya uzio. Uzio tutajenga wenyewe. Miti tumekwisha kuikata, na waume zetu wameahidi kuchimba mashimo. Tunasubiri tuone. Mbwa wengine wa avenue nao wanahitaji chanjo, na wenyewe wako tayari kuwaleta.

Jana, kwa heshima ya amri na ya ujio wako, tulimfunga Santineli kwenye nguzo ya jiko. Alilia mpaka kukacha.

Ni desturi yetu mgeni asiondoke mikono mitupu, na tulikuwa tumekutengea majogoo wawili. Paka wa pori alipita usiku. Tunakuomba umpokee huyu mmoja aliyebaki.

Mungu, mlinzi asiyefungwa kamba, akufikishe kwako salama.

Ni sisi,
Wamama wa Kikundi Tushikane, avenue Mawese, Baraka.
Imesomwa na Georgette, mwandishi wa kikundi.