Hodi kwenye Mugongo wa Bwana Yangu

Wamama, wababa, na ninyi vijana wenye mumekaa karibu na mulango ili mutoroke mapema, muniitikie kwanza nisikie kama tuko pamoja. Asanteni. Leo zamu ya kusimama imeniangukia mimi. Mama wa hiki kikundi chetu cha kukandana aliniomba niseme namna gani mwili wangu ulipona, hii shingo yenye munaona inageuka vizuri. Nitasema. Lakini ndugu zangu, nawaambia ukweli, siwezi kuongea habari ya shingo bila kuongea habari ya wivu, maana kwangu vyote viwili vilikaa fasi moja.

Sitataja jina la muntu. Mwenye kujijua anajijua, na kama yuko anacheka huko nyuma, acheke tu.

Nianzie kwenye vita. Wakati ule tulikuwa tunakaa ngambo ile ya muto, upande wa stasioni ya treni, kwenye nyumba za watu wa reli. Bwana yangu ni mutoto wa watu wa Kasai, baba yake alikuwa wa treni na yeye pia wa treni. Mimi ni mutoto wa walimaji wa Pangi. Treni ilikuwa imesimama, nyasi zinaota katikati ya reli, na bwana yangu alikuwa anasukuma velo, baiskeli yenye kubeba mafuta ya mawese ili tukule. Hatukuwa na kitu. Lakini jioni akirudi nilikuwa ninamukanda mabega. Kwetu musichana anafundishwa mapema kumukanda mama mwenye amezaa, na maji ya moto na kitambaa, na kumunyoosha mutoto muchanga na mafuta, kwa hiyo mikono yangu ilikuwa inajua kazi. Bwana yangu alikuwa anasema mikono hii njo inamurudishia nguvu ya kusukuma kesho yake. Hayo maneno muyaweke, tutayarudilia.

Asubuhi moja watu wenye bunduki waliingia kwenye kambi yetu. Walitaka wanaume wa kubeba mizigo yao. Bwana yangu alikuwa anavaa shati. Wao wakamushika mikono kwa mbele, mimi nikamushika mabega kwa nyuma. Wakavuta, nikavuta. Nilimushika na nguvu yote yenye Mungu alinipa, kucha zikaingia kwenye nyama, mpaka mumoja wao akanipiga shingo na kitako cha bunduki. Nikaanguka. Nilipoinuka, mulango ulikuwa wazi na ndani hakuna muntu.

Miaka yenye ilifuata sitaiongea sana, wengi wenu munaijua kuliko mimi. Nilikimbilia pori, nikafika kwetu, nikabeba mizigo ya watu juu ya kichwa mpaka ile shingo yenye ilipigwa ikakauka kabisa. Nikitaka kuangalia kando, nilikuwa ninageuza mwili muzima. Watoto barabarani walikuwa wananiiga, na mimi, musinicheke, nilikuwa ninawaonea wivu hata wao, kwa sababu shingo zao zilikuwa zinageuka. Usingizi nao ulinikimbia. Ndugu zangu waliniambia nimuhesabu bwana kati ya wafu, niolewe. Nilikataa.

Na akarudi. Vita ilipotulia alirudi, mwembamba, ndevu mpaka kwenye kifua, lakini miguu yote iko, mikono yote iko. Nililia, nikaimba, nikapasha maji, nikamukalisha kwenye kiti kidogo ili nimuoshe. Nikapita nyuma yake, nikaweka mukono kwenye bega. Aliruka. Sufuria ikapinduka, maji yote chini. Akasimama kwenye kona, mugongo kwenye ukuta, akaniangalia kama hanijui. Halafu akaomba radhi na kuokota sufuria.

Tangu siku ile, mukono wangu haukufika tena kwenye mugongo wake. Tulikula pamoja, tulisali pamoja, tulizaa mutoto, na musiniulize zaidi. Lakini mugongo wake ulikuwa wa ukuta. Alikuwa analala ameubandika kwenye ukuta, mabega yamepanda karibu na masikio, na mimi kando yake na shingo yangu ngumu. Treni ikaanza kutembea mara kwa mara, tukarudi kwenye nyumba za reli, akarudilia kazi yake, mutoto akakomaa, na sisi tukabaki ivo. Mimi nilijiambia: njo vita, inakula fasi yake kwa muntu, utafanya nini.

Sasa musikilize. Bwana yangu akaanza kuvuka muto kuja huku Alunguli kila siku ya posho, Jumamosi. Akasema anaenda kuona rafiki. Nikasema sawa. Siku moja akarudi, akakula sombe yake, akasinzia kwenye kiti. Alilala kinywa wazi, mugongo umeelekea mulango wenye kufunguka. Yeye, mwenye kwa miaka hakukubali muntu apite nyuma yake! Nilisimama na sahani mukononi. Mabega yalikuwa yameshuka. Na kwenye shati kulikuwa harufu ya mafuta meusi ya mbegu za ngazi za muchikichi, yenye kuchanganywa na majani ya sitroneli, ule muchaichai. Mimi kwangu sichanganyake sitroneli.

Muntu mwenye akili angepiga magoti na kushukuru. Mimi nilichemka. Nilikuwa ninajiuliza kitu kimoja tu: mikono ya nani? Nilifua ile shati nikaikamua kwa hasira, kama vile mwenye mafuta yuko ndani. Ikakauka, nikainusa, harufu bado iko. Nikaifua tena.

Mama mumoja mwenye anauzisha samaki wa Lokandu pale bandarini njo alinifungua macho. Alisema kuko mwanamuke huku Alunguli mwenye anakanda watu wa stresi, watu wa misuli yenye kufunga, na wanaume wa reli wanamupenda sana kwa sababu ya migongo yao. Nikauliza ni mama muzee? Akasema hapana, bado kijana. Akakata samaki, akaongeza kwamba tena ni muzuri. Ndugu zangu, ile "tena ni muzuri" nilitembea nayo juma zima. Nilikuwa ninapika nayo, ninafagia nayo, hata kanisani nilienda nayo.

Siku ya posho niliingia mutumbwi wenye ulifuata wa bwana yangu. Nilijifunika kitenge kwenye kichwa. Nilimuona mbele yangu anashuka, anapanda, anapita kwenye bustani za mboga, hageuki. Alikuwa anatembea mwepesi. Akirudi kwangu hakuwa anatembea ivo, na hilo nalo niliongeza kwenye hesabu ya hasira yangu.

Nyumba yenye aliingia ilikuwa na mulango wazi na pazia imefungwa juu, kila muntu apite aone. Nilisimama nyuma ya migomba ya ndizi. Bwana yangu alilala kifudifudi kwenye mukeka, mugongo wazi. Yule mwanamuke alikuwa amepiga magoti mbele ya kichwa chake, si nyuma. Ni kweli alikuwa muzuri. Amesuka vizuri, kikwembe kipya, mikono inangaa mafuta. Aliweka ile mikono mbele ya macho ya bwana yangu, akasema: "Hodi."

Yule mwanamuke akangoja, mikono hewani. Hakumugusa mpaka bwana yangu alisema: "Karibu."

Akakanda shingo. Alipotaka kushuka kwenye bega, akasimama tena, akapiga hodi tena, akangoja. Karibu. Nilimusikia bwana yangu anapumua mpaka chini ya tumbo. Halafu nikaona kidole chake cha gumba kinapita juu ya vialama vidogo kwenye bega la bwana yangu. Vilikuwa vya kucha zangu, vya asubuhi ile. Wamama, hapo wivu ulinipanda mpaka kwenye macho. Mugongo nilikuwa nimeupoteza, lakini zile alama zilikuwa za kwangu.

Niliingia bila hodi. Bwana yangu akaruka mpaka ukutani. Nilisema maneno yenye sitayarudilia hapa, kuko watoto. Yule mwanamuke akangoja niishe. Akapanguza mikono, akavuta kiti, akasema nikaribie, bwana yangu alikuwa amemwambia siku moja nitakuja. Akaeleza kwamba mwili wenye ulishikwa kwa nguvu hauingiliwe bila ruhusa, hata kama mukono ni wa upendo. Akasema kama ninataka, nipige magoti pale, nionyeshe mikono yangu, nipige hodi.

Mimi? Kwa bwana yangu mimi mwenyewe? Nilimujibu:

"Nani anapigaka hodi kwa nyumba yake?"

Hakukasirika. Alikaa chini kwenye mukeka, akaniangalia.

"Mama," akasema, "wewe unanionea wivu kwa sababu ya mugongo. Mimi ninakuonea wivu kwa sababu ya muntu muzima. Bwana yangu mimi, wale wa bunduki walimubeba pia. Hakurudi. Kama angerudi, ningepiga hodi mpaka sauti ikauke."

Sikujua kwamba muntu anaweza kunionea mimi wivu, na hii shingo yangu. Nilipiga magoti. Musifikiri wivu ulikuwa umeisha. Nilipiga magoti nao. Nikaonyesha bwana yangu mikono yangu, ndani na nje. Alilala tena, lakini mabega yalikuwa yamepanda. Nikasema hodi. Pikipiki ikapita barabarani, ikapotea. Nikasema tena hodi, na nikaogopa kweli kwamba atakataa, na kwamba itakuwa mbele ya yule mwanamuke.

"Karibu," akasema. "Lakini pole pole."

Niliweka mukono. Ngozi ilikuwa ya moto, na mafuta ya muntu mwengine. Nikasikia vialama vyangu chini ya vidole. Yeye akaanza kulia, uso kwenye mukeka, na njo aliniambia kitu chenye hakukisema kwa miaka yote ile.

"Siku ile nilikuwa naomba uniachilie. Walikuwa watakuua. Kila ukinigusa nasikia ile bunduki inakupiga shingo."

Na mimi nilikuwa ninafikiri ananichukia. Nilikuwa ninafikiri huko porini alijifunza kutonitaka. Kumbe mugongo wake ulikuwa unanilinda, kwa namna yake ya upumbavu, kwa miaka yote. Nililia mpaka kikwembe changu kikalowa. Halafu yeye akainuka, akakaa mbele yangu. Akatia mafuta kidogo kwenye mikono yake mikubwa ya reli, akainua mbele ya macho yangu, akaangalia shingo yangu. Akasema: "Hodi."

Nilikawia kujibu. Ni hapo nilijua kwamba mimi pia nilikuwa nimefunga mulango.

Kupona hakukuwa kwa siku moja, musidanganyike. Yule mwanamuke alikataa kunikanda mpaka niende kwanza hopitali, waangalie kama mufupa uko sawa. Mufupa ulikuwa sawa, misuli njo ilikuwa imeganda. Tukaanza kuvuka sisi wawili, mutumbwi mumoja. Alitufundisha kitambaa cha moto, kukanda pole kuelekea juu, kuacha fasi yenye inakataa na kurudi juma lengine. Nyumbani tulikuwa tunakandana siku ya mungu kisha misa, mulango wazi. Siku yenye niligeuza shingo bila kugeuza mwili, ni kwa sababu jirani alipita na kikwembe kizuri na nilitaka kukiona vizuri. Wivu uliniponyesha hapo pia.

Ninamushukuru Mungu. Ninamushukuru yule mama wa samaki, ulimi wake ulinifikisha. Ninawashukuru ninyi wote wa kikundi hiki wenye munaleta migongo yenu na uchungu wenu bila haya. Na wewe mwenye sikutaja jina, unajua. Nilikuonea wivu, ninakuonea wivu kidogo mpaka leo, hasa ukisuka vile. Lakini chakula chetu cha siku ya mungu, sahani yako iko, na utaikuta iko kila mara.

Fundisho langu ni dogo. Ukimupenda muntu mwenye alipita kwenye mateso, usiseme yeye ni wangu halafu ukaingia tu. Simama kwa mbele, onyesha mikono, ngoja. Akikawia, ngoja tena.

Na kama munaona muzee mumoja pale inje anajifanya anangojea mutumbwi, ni wangu. Tangu nimeanza kuwakanda wengine hapa, amekuwa na wivu, anauliza leo uligusa nani. Ninafurahi sana kuulizwa. Jana, kisha kula, nilikuwa nimechoka. Nikapita nyuma ya kiti chake kuchukua sahani, nikasimama kidogo nikaangalia mabega yake. Nilikuwa sijasema kitu, sijainua hata mukono. Hakugeuka.

Akasema, "Karibu."