Miaka Mitatu Ambayo Mama Hakuwa Safarini

Ndugu waombolezaji, mimi ni kitindamimba wa marehemu, kamati ya mazishi imenipa karatasi hii niisome kama ilivyo, nami nitaisoma mpaka pale inapodanganya.

Mama yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala na mkunga, akasoma shule ya msingi hadi darasa la saba, kisha akajifunza ususi kwa shangazi yake, na mwaka 1970 akafungua saluni yake, chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, benchi na kioo kilichopasuka kona. Tarehe 9 Januari 1971 aliolewa na baba yetu, fundi redio, ambaye naye ametangulia, wakajaliwa watoto watatu.

Hapa karatasi inasema kwamba kati ya mwaka 1974 na 1977 marehemu alikuwa safarini. Safari gani hiyo, jamani, ya kwenda bila viatu? Mama alikuwa kizuizini, wakati wa vita, alichukuliwa saluni tarehe 12 Agosti akiwa na chanuo mkononi, kichwa cha mteja hakijasukwa hata nusu, huko mama akanyolewa kwa kipande cha chupa, akapigwa nyayo mpaka akawa anatambaa.

Alipoachiwa alirudi kwenye ususi, na kwa kuwa anayesukwa haangaliwi usoni, wanawake waliofungwa pamoja naye walikuja kusema pale yaliyowashinda kusema nyumbani, baba akampatia kinasa sauti, kikakaa kwenye beseni la vitana. Lakini mama hakuiamini kaseti, alisema utepe hukatika, kwa hiyo kila aliyekaa benchini akisikiliza alitakiwa, siku akija kusukwa, asimulie alichosikia, na akikosea alivutwa nywele.

Februari mwaka huu mama alipata kiharusi, akalazwa. Mama akiwa wodini, baba mdogo wetu alikuja nyumbani kusafisha chumba chake, akazichoma kaseti zote nyuma ya nyumba, tulipomuuliza akajibu, "Yaliyopita si ndwele." Si ndwele kwa nani? Nina hasira na sitaificha. Mama alipopata habari, mdomo umepinda, hawezi kusema, aliniwekea kichwani mkono wake uliobaki mzima, nikaelewa, nikamsimulia kisa chake alichonikabidhi, mwanzo hadi mwisho, na nilipokosea akanivuta nywele. Alifariki tarehe 3 Mei, asubuhi.

Kisa chenyewe ni hiki, askari walikuwa wakimtafuta shemeji yake, kijana aliyetoroka jeshini, naye alikuwa juu ya dari ya saluni, akisikia jinsi mama anavyoburutwa. Miaka mitatu waliuliza yuko wapi, miaka mitatu mama hakusema. Shemeji huyo ndiye baba mdogo wetu, ndiye aliyeandika karatasi hii, na amekaa mstari wa mbele.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliolala nasi msibani, na wasusi wenzake waliomsuka jana kwa mara ya mwisho. Wateja wake mliopo hapa, visa mlivyokabidhiwa mnavyo vichwani, visimulieni. Baba mdogo, mama hakukutaja, mimi nimekutaja.

Pumzika kwa amani, mama, na kama kuna mahali nimekosea, nivute nywele.