Kompyuta Iliyomkana Katibu

Benchi la mbele ya duka la vipuri lina miguu mitatu na tofali, na jioni hiyo juu yake ilikuwa imelazwa kompyuta. Mwenye nayo ni Katibu, aliyebandikwa jina hilo kwa ugonjwa wake wa kutunza vitu. Picha zote za marehemu baba yao alizikusanya humo, akaifunga diski kwa neno la siri, kisha akazifuta kwenye simu za nduguze, eti simu huibwa. Leo fundi kabadilisha kifaa kimoja ndani, na mashine haiwaki ikafika mwisho. Neno la siri hailitaki tena, inaandika tu: weka ufunguo wa akiba, ule msururu mrefu wa tarakimu aliopewa siku ya kuifunga diski. Kahawa ya Katibu ilikuwa imepoa bila kuguswa.

— Betri hiyo, alisema Injini, fundi wa pikipiki. — Izime, ipumue.

— Nimeizima mpaka kidole kimeota sugu.

— Basi ipige ubavuni kidogo.

— Wee, hii si pikipiki!

Wakili, ambaye mahakamani aliingia mara moja tu kukwepa mvua, akakohoa.

— Jamani, imepasuliwa tumbo, ikatiwa kiungo kigeni. Sasa haimjui bwana wake. Inamwona mwizi.

— Mwizi, mimi? Niliyeilea?

— Ithibitishie. Vaa shati la siku uliyoinunua.

— Na unyoe ndevu, Injini akadakia. — Ile kamera inaona.

Katibu hakucheka. Kilichomuuma ni kwamba Wakili, kwa mara ya kwanza, huenda alikuwa amesema kweli.

— Huo ufunguo wa akiba uliuweka wapi? aliuliza Shangazi, muuza kahawa.

— Mahali salama.

— Wapi?

— Humohumo ndani.

Injini alitaka kuangua kicheko, akakimeza.

Ndipo akatokea dada mdogo wa Katibu, mikono ingali na povu la sabuni.

— Kaka, mama anaulizia picha. Anasema sura ya baba imeanza kumpotea.

Katibu aliifuta kompyuta vumbi kwa mkono wa shati.

— Mwambie zipo. Ziko salama kabisa, hakuna awezaye kuzifungua.

— Hakuna?

— Hata mwizi aje na ujanja gani.

Dada yake aliitazama kompyuta, akamtazama na yeye. Hakuwa na hasira, alitaka kujua tu.

— Kwani kaka, nani aliwahi kutaka kutuibia picha za baba?

Katibu akamgeukia Wakili. Wakili akamgeukia Injini. Shangazi aliinamisha birika ammiminie yule dada kikombe, zikatoka machicha matupu.