Redio na Fundi wa Mageti

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma haya kwa sababu shemeji yangu, mume wa marehemu, amesema yeye hana maneno, nasi tunaomfahamu hatukushangaa.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni, akaanza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1976, na miaka yote hiyo alikaa dawati la mbele, si kwa bidii, bali kwa kuwa walimu walitaka awe karibu wamnyamazishe. Tulimwita Redio. Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa mpokea simu katika kampuni ya bima, akafurahi kulipwa kwa kuongea, akaifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2013.

Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea mageti, mtu ambaye ukimsalimia asubuhi anakujibu jioni, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, na mezani Redio aliongea kwa niaba ya wote.

Mwezi Juni 1996 alipatwa na ugonjwa adimu, ambapo kinga ya mwili inageuka na kushambulia mishipa ya fahamu, ukaanzia vidole vya miguu, ukapanda, na ndani ya wiki moja hakuweza kutembea, kumeza wala kufumbua macho, akawekewa mashine ya kupumulia. Shangazi yetu mmoja, ambaye yuko hapa na anajijua, aliuliza palepale kitandani kaburi lichimbwe wapi. Muuguzi akatuambia tuchunge midomo, mgonjwa anasikia kila kitu, kisha akamwagiza shemeji aongee naye kila siku, asije akakata tamaa.

Masikini shemeji yangu, aongee nini? Akamsimulia mageti. Akamwambia ameanza geti la daktari wa meno, bawaba zimekuja fupi, kesho ataona la kufanya, akaaga, na kesho yake akaendelea pale alipoishia, mpaka geti likaisha, akaanza jingine.

Dada alipona, ingawa ilimchukua karibu mwaka mzima kujifunza upya kushika kijiko na kupanda ngazi, na sauti iliporudi, ikiwa bado inakwaruza, aliuliza kwanza kama zile bawaba zilikaa sawa. Alituambia kuna siku alichoka kabisa akataka kuachia, ila akaona asubiri kwanza ajue geti limefikia wapi.

Baada ya hapo alituchosha masikio kwa miaka ishirini na nane, akalea wajukuu watatu, hadi moyo ulipoanza kumsumbua mwaka jana, akafariki tarehe 9 Februari 2025, mumewe akiwa pembeni yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wa zamani na wa sasa, majirani mliotupikia tangu juzi, na wafanyakazi wenzake wa kampuni ya bima mliokuja wengi hivi.

Leo asubuhi shemeji alivuta kiti karibu na jeneza, akamwambia mkewe kwamba geti la shule limebaki kupakwa rangi, na kwamba kesho atakuja kumweleza limeishaje.

Dada yangu, pumzika kwa amani.