Mama Mrija Anashuka Ngazi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, muuguzi mkuu wa wodi ya kifua, ambaye hospitali nzima humwita Mama Mrija, anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Wageni watauliza jina hilo limetoka wapi. Tuanzie hapo.

Mfuko wa sare yake haukukosa mirija ya kunywea soda. Ndugu aliyekamatwa akimfichia mgonjwa sigara chini ya mto hakufokewa. Alipewa mrija, akaombwa abane pua, avute hewa kwa mrija huo tu, kisha atembee. Kabla hajafika mlangoni, macho yalikuwa yamemtoka.

Alianzia wodi ya magonjwa ya ini, akiwauguza walioumizwa na pombe. Huko alijifunza, na akatufundisha sote, kwamba mlevi wa siku nyingi hafungiwi chumbani ili aache ghafla. Kutetemeka kwake kunaweza kugeuka degedege na kumuua; huyo huletwa hospitali. Methali moja aliipiga marufuku: sikio la kufa halisikii dawa. Aliyeitamka zamuni kwake, hata akiwa daktari bingwa, alikabidhiwa vikombe vya makohozi avioshe.

Wa kwanza kusemewa methali hiyo alikuwa dereva wetu wa gari la wagonjwa. Alivuta sigara kama bomba la kiwanda, na akionywa alimtaja babu yake aliyevuta mpaka akazikwa mzee. Kipimo cha kupuliza kilionyesha kwamba njia zake za hewa zimeanza kusinyaa. Angeendelea, Mama Mrija alimwonya, angeishia kulala kwenye kitanda kile kile alichozoea kuwapandishia wengine, na mtungi wa oksijeni ubavuni. Alicheka, akasema dada anapenda kutisha watu.

Dada akampa mrija, akamwomba apande naye ngazi hadi wodini. Kwenye kona ya kwanza ya ngazi dereva aliutema, akashika ukuta akihema. Mama Mrija alimwambia taratibu kwamba yeye ana bahati, ameweza kuutema. Wale walioko juu hawawezi. Siku hiyo dereva hakucheka tena.

Aliacha. Wiki chache baadaye alikuja amefura, akilalamika kwamba ametapeliwa: alipovuta hakukohoa hivi, ameacha na kifua kinamsumbua! Mama Mrija alipiga makofi kwa furaha. Ndani ya njia ya hewa, alimweleza, mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, kazi yake kufagia uchafu na kuupandisha juu. Moshi huvilaza. Wafagiaji wako wameamka, mdogo wangu, na wamekuta takataka za miaka! Hata hivyo alimpeleka kwa daktari akasikilizwe kifua, maana hakuzoea kubahatisha.

Dereva alirudia sigara mara mbili. Mara zote mbili alipokewa kwa kiti na chai, wala hakuulizwa kwa nini. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayakurudi, na Mama Mrija hakumdanganya kwamba yatarudi. Yaliyobaki ndiyo yaliyookolewa. Sisi tuliosoma vitabu vile vile alivyosoma yeye bado tunastaajabu: mwili uliotendewa vibaya kiasi kile, ukiachwa kidogo tu, unashika ufagio na kuanza usafi. Yeye mwenyewe alisimulia habari ya wale wafagiaji kila wiki, na kila wiki sauti yake ilijaa mshangao kama mtu aliyeipata asubuhi hiyo.

Asante, dada yetu, kwa subira yako na kwa mirija yote uliyoinunua mwenyewe. Pumzika, ulale mchana bila kuamshwa na kengele ya wodi, na nyumba yako isikose vicheko.

Gari liko tayari. Dereva hakutaka kukusubiri chini. Amekuja kukubebea sanduku. Tumemsikia tangu ngazi ya kwanza hadi mlangoni pako. Alikuwa akipiga mluzi.