Mke wa Kinoma Hataki Kinoma

Mnanichosha. Kisa mnakijua, wengine mlikuwepo mnakunywa kahawa, bado mnataka mimi ndiye nipasue koo. Haya. Benchi la nje ya kinyozi, lile lenye mguu mmoja wa tofali, fundi wa kupaka rangi alilifikia asubuhi hiyo macho mekundu, ndoo tupu. Wenzake walimwita Kinoma, maana kwake "sana" haikutosha kitu: jua kali kinoma, rangi nzuri kinoma, hata msibani, pole kinoma. Sasa mkewe kafungasha nguo, kahamia kwa shangazi yake. Hataki tena kulisikia neno hilo ndani ya nyumba.

— Eti nichague, yeye au neno! Kinoma akalalamika. Na mimi nampenda kinoma!

— Umejisikia? akauliza kinyozi, waliyemwita Wembe. Hata kulia hujui bila hilo dude.

— Siliachi! Leo anataka neno, kesho atataka ulimi wenyewe.

— Usiliache, akadakia fundi viatu. Huyo walimwita Profesa, kwa ajili ya miwani tu. Neno ni soli, ndugu yangu. "Sana" ilitembea mpaka ikaisha kisigino. Tukapigilia "mno", nayo ikatoboka. Ndipo ikaja kinoma. Mkeo anataka utembee pekupeku?

— Wapi! Nguvu iko kwenye kuvuta, Wembe akasema. Mwambie "kinomaaa" mpaka pumzi ikate. Mke akiona mtu anazimia kwa ajili yake, atarudi mbio.

— Ukilitoa kwa sauti nene hata mbwa wa jirani ananyamaza, Profesa akaapa. Nimejaribu. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Kwa hiyo mke wangu aliyetembea ndiye kibaya?

— Waulize wahenga, mimi nimepita tu.

Mama Birika, muuza kahawa, akasonya.

— Mijitu mizima, mnapima neno, mke hakuna anayemuuliza.

— Mama, achana nao. Kahawa yako leo kali kinoma!

— Hujaionja. Kikombe chako sijakijaza.

Wakacheka mpaka benchi likayumba. Kinoma hakucheka. Alikuwa amemwona shangazi wa mkewe anavuka barabara na kandambili za nyumbani, na mtu haji na kandambili za nyumbani kuleta habari njema.

— Shikamoo, shangazi.

— Marahaba. Kaa, sikuja kugombana. Chakula cha mkeo unakionaje?

— Kitamu kinoma!

— Hata cha jana?

— Cha jana ndiyo usiseme!

— Haya. Jana ulikula nini?

Kinoma akageukia benchi. Akamtazama Wembe. Wembe akaanza kunoa wembe uliokwisha nolewa. Profesa akavua miwani, akaifuta kwa shati.

— Wiki nzima mwenzio hatii chumvi, shangazi akasema. Kila usiku anakaa mbele yako, anasubiri useme japo "mbona hivi". Wewe unalamba vidole: kinoma! Afadhali ungemtukana, angejua umeonja.

— Basi nitasema "sana", Kinoma akanong'ona.

— Na hilo kaa nalo.

Kinoma alikuwa mbishi, neno lake hakulitoa, na kijiweni analo mpaka leo. Lakini alitaka mkewe arudi, na mke hakutoka kwa shangazi bure. Kinoma alilipa jioni zake zote za msimu mzima wa mvua: akitoka kazini, rangi bado kucheni, anakwenda kukoka moto nyumbani kwa shangazi na kupika mbele ya wakwe, huku mkewe ameketi kitako, anaonja, anatema, anamwambia kitunguu kimeungua, maharage hayajaiva, rudia.