Kiganja cha Kinyozi

Benchi la nje ya saluni lina mgongo wa ubao mmoja, na kila mtu ana nafasi yake. Ya Kinyozi ni pembeni, mkono wa kulia umening'inizwa nyuma ya ubao kama anamkumbatia mtu asiyekuwepo. Leo mkono ulikuwa mapajani. Tangu jana jioni kiganja kimeanguka, hakiinuki, na asubuhi wateja wawili wameondoka na ndevu zao.

— Hebu kiinue, alisema Waya, fundi umeme.

— Ningeweza, ningekuwa nimekaa na nyinyi saa hizi?

— Sikiliza. Mkononi mna nyaya tatu. Moja inapita kiwikoni, ile ukijigonga unaona nyota. Ya pili iko katikati ya kifundo, inahudumia gumba. Ya tatu inauzunguka mfupa wa juu kwa nyuma, ndiyo inayoinua kiganja. Yako fyuzi imeungua.

— Umeme wapi, alisema Dereva, mstaafu wa malori. Hiyo ni kebo ya breki imelegea shingoni. Nikimvuta kichwa kidogo tu, inakaza.

— Kichwa niachie, ndicho kilichobaki kinafanya kazi.

— Hapo nina mashaka, alisema Dereva.

Hakimu, anayeitwa hivyo kwa kuhukumu kila kitu, akaweka kikombe chini.

— Mkono umegoma. Miaka thelathini unanyoa watu, umeupa likizo lini?

Walicheka. Kinyozi naye alicheka, ila moyoni alikuwa kwa mkewe, aliyemfungia vifungo vya shati asubuhi kama mtoto. Hilo ndilo lililomtisha. Kazi nyingine hajui.

Dada mmoja mwenye sare ya zahanati, aliyekuja kununua kahawa kwa muuzaji wa jirani na benchi, akamgusa Kinyozi mgongo wa kiganja, karibu na gumba.

— Unasikia hapa?

— Kwa mbali, kama nimevaa glavu.

Akampandishia mkono wa shati. Juu ya kiwiko, kwa nyuma, palikuwa na alama nyembamba ya wekundu. Akapapasa ukingo wa ubao wa benchi.

— Mshipa wa fahamu umebanwa na ubao huu. Mara nyingi hurudi, wiki kadhaa, pengine miezi. Njoo kesho tukuwekee kifaa cha kushikilia kifundo cha mkono. Na nyinyi, jana alilala hapa muda gani?

Waya akamtazama Dereva. Dereva akatazama kahawa yake. Jana walimsimulia mambo tangu adhuhuri mpaka jua likapoa.

— Alikuwa anatikisa kichwa, alisema Hakimu taratibu. Tulidhani anatukubalia.

Waya akasogea huku, Dereva kule, wakamweka Kinyozi katikati, ambako mtu akisinzia huangukia bega la mwenzake.